Komeo la Nje

Kofi la kwanza alinipiga akiwa bado hajafumbua macho sawasawa.

Sikulikwepa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kufuli mkononi, na nilijua linakuja tangu niliposikia sauti yake mle ndani: "Fundi, mbona mlango hausukumiki?" Mara ya kwanza alisema kwa upole, sauti imejaa usingizi. Mara ya pili kwa mshangao. Mara ya tatu hakusema kitu, aliupiga kwa ngumi zote mbili, na lile bati nene nililolichomelea kwa mikono yangu likawa linanguruma karakana nzima.

Nikavuta komeo. Akatoka akiwa amevaa shati langu kuukuu, nywele zimelalia upande mmoja, mkunjo wa mto umemchora shavu. Mungu anisamehe, nilimwona mzuri. Mkono wake uko hewani unakuja, na mimi namwona mzuri.

Pa!

"Jua liko wapi?"

"Sista, tulia kwanza..."

"Nimekuuliza, jua liko wapi!"

Karakana yangu ina mlango mkubwa upande wa barabara, na dirisha moja juu ya meza ya kutobolea vyuma. Asubuhi jua huingilia dirishani, jioni huingilia mlangoni. Yeye analijua hilo kuliko mimi, maana miezi minne alikuwa anakuja kulala jua likiwa mezani na kuamka likiwa mlangoni. Akaitazama meza. Jua lilikuwa pale, limejinyoosha juu ya vyuma kama paka.

"Asubuhi," akasema polepole. "Niliingia kulala asubuhi. Na sasa ni asubuhi."

"Leo Jumanne."

La pili halikuwa kofi. Ilikuwa ngumi, tena ya mtu anayejua mbavu zinapoanzia na zinapoishia.

Kabla hujanihukumu, wewe unayesoma, ngoja nikueleze nilivyofika hapo. Sitajitetea sana.

Mke wangu marehemu alikuwa nesi. Hospitali ile ile anayofanya kazi Sista, wodi ile ile. Mimi shule niliishia darasa la nne, sisomi magazeti wala barua ndefu, lakini karatasi ya zamu niliijua kuisoma kwa sababu yeye alinifundisha. A ni asubuhi. M ni mchana. U ni usiku. P ni pumziko. Kila mwezi alikuwa anabandika karatasi hiyo ukutani jikoni ili nijue siku gani nimpikie na siku gani nisipige kelele. Karatasi yake ya mwisho ninayo mpaka leo, nimeikunja ndani ya boksi la misumari. Ukifuata jina lake kwa kidole, unakuta U, U, U, U, mpaka kidole kinatoka nje ya karatasi. P hakuna hata moja. Nilimuuliza, akasema, "Metroni kasema watu hawatoshi, nivumilie." Akavumilia. Alianza kulia akiwa anakoroga chai. Alianza kuniamsha aniulize kama nimesikia mgonjwa anaita. Wiki moja kabla ya kufa aliniambia neno ambalo sikulielewa, nikacheka: "Natamani gari liniguse kidogo tu. Lisiniue. Linivunje mguu, nilazwe, nilale."

Gari halikumgusa kidogo. Alitoka geti la hospitali asubuhi anatembea huku amelala, macho wazi, akaingia barabarani kama mtu anayevuka chumba chake.

Metroni, mkubwa wao wa manesi, alikuja msibani na shada la maua. Akanishika mkono akasema, "Alikuwa mchapakazi." Nililipiga teke lile shada mbele ya watu wote, na sijajuta.

Huyu Sista alikuwa rafiki yake wa wodini. Miaka miwili na ushee baada ya msiba alikuja karakanani kuniletea sanduku la dawa, maana alisikia najichoma ovyo siku hizi. Alikaa kwenye benchi, nikamwekea chai, nikaendelea kukata vyuma. Nilipogeuka amelala ameketi, kikombe kimeshikwa wima, chai haijamwagika hata tone. Nikazima mashine.

Hivyo ndivyo nilivyopenda mara ya pili. Wengine huanza kwa maua. Mimi nilizima mashine.

Kwa kaka yake anakoishi, nyuma ya ukuta kuna mashine ya kusaga nafaka, na wifi yake ana watoto wanne ambao kwao mchana ni wa kupiga kelele. Basi nikamjengea chumba nyuma ya karakana. Dirisha nililiziba kwa bati mbili, katikati nikajaza matambara. Mlango wa chuma, pembeni nikabandika mpira wa tairi ili mwanga usipenye hata uzi. Saa yake ya kubana kifuani tuliitundika nje kwenye msumari, maana alisema mlio wake unamhesabia matone ya dripu. Na kazi zote za kelele nikazihamishia jioni. Wateja walinicheka. "Fundi wa vyuma asiyegonga," walisema, "huyo si fundi, huyo ni mtunza maktaba." Nikawaambia waende kwa wanaogonga.

Miezi minne. Mkono sikumgusa zaidi ya kumpokea mkoba. Alikuwa ananitazama kabla ya kufunga mlango, mtazamo mfupi, macho mekundu, anasema, "Niamshe jua likifika kwenye kizingiti." Huo mtazamo mmoja nilikuwa nautafuna siku nzima.

Jumatatu alikuja amebeba karatasi mpya ya zamu. Akaiweka mezani. Nikafuata kwa kidole. U, U, U, U. Alikuwa ameshamaliza zamu saba za usiku wodini, sasa kaongezewa kumi na nne. Mkono wake ulikuwa unatetemeka mpaka karatasi inalia. Akacheka, kicheko kisicho na mtu ndani, akasema:

"Fundi, natamani gari liniguse kidogo tu. Nilazwe, nilale."

Lilikuwa neno la mke wangu.  Nilisubiri aingie, nikasikiliza pumzi yake ikiwa nzito. Nikaingia kwa kunyata, nikaweka jagi la maji, mkate, na ndoo yenye mfuniko. Nikachukua simu yake, nikaizima. Nikatoka. Nikachomelea komeo upande wa nje, nikatia kufuli. Jua likafika kwenye kizingiti. Sikumwamsha. Likazama. Sikumwamsha. Nilikaa nimeegemea ule mlango mpaka kunakucha, na nilikuwa na furaha. Nasema kweli, nilikuwa na furaha kama mwizi.

Ndipo zikaja hizo ngumi.

"Niliamka katikati," alisema huku akitafuta sare yake, anaivaa juu ya shati langu, vifungo vinagoma. "Giza. Nikanywa maji. Nikajua bado mchana. Nikasema Fundi ataniamsha, Fundi hajawahi kunisahau. Nikalala tena! Nimelala nakuamini!"

"Ulihitaji kulala."

"Umeniwekea ndoo."

"Nilidhani ukiamka..."

"Ndoo, Fundi! Nani anawekewa ndoo? Mahabusu! Simu yangu iko wapi?"

Nilimpa. Vidole vyangu viligusa vyake, akavivuta kama amegusa chuma cha moto. Kabla hajaiwasha, mlango mkubwa wa karakana ulisukumwa mpaka ukagonga ukuta.

Alikuwa kaka yake. Ana bucha mtaa wa pili. Mabega kama mlango, aproni bado ina damu ya ng'ombe wa asubuhi. Huyu mtu hakuwahi kunipenda. Mwezi uliopita alimwambia Sista mbele yangu, kama mimi ni kiti: "Mwanaume aliyezika mke mwenye kazi kama yako, unamtaka wa nini? Anakusanya manesi?"

"Yuko hapa!" akasema sasa, kwa sauti ya mtu aliyekuwa anatafuta maiti. "Yuko hapa, mzima! Hospitali imepiga simu nyumbani tangu jana. Nimezunguka mpaka mochwari, mdogo wangu. Mochwari! Nimefunuliwa mashuka matatu!"

"Kaka, sikujua, nilikuwa..."

Akaliona komeo. Akaliona kufuli mkononi mwangu. Alikuwa mtu wa hesabu za haraka.

"Ulimfungia?"

"Shemeji, nisikilize..."

"Mimi si shemeji yako!"

Alinikamata shingo kwa mkono mmoja, akanibeba, nasema akanibeba, akanibamiza kwenye geti la mteja nililokuwa nimelisimamisha katikati ya karakana. Pembe yake ilinichana juu ya jicho. Nikasikia joto la damu linashuka. Akanibamiza tena. Nikampiga goti la tumbo, akaguna, akanitupa chini kwenye mabaki ya vyuma, na kiatu chake kikaja kwenye mbavu zile zile zilizokula ngumi ya dada yake. Ukoo wao unajua mbavu.

"Umemfungia dada yangu kama mbuzi!"

Mkono wangu ulipapasa sakafuni ukakuta nondo. Urefu wa mkono, nene kama kidole gumba. Sikuwaza. Miaka mitatu ya hasira ilikuwa inangoja kitu cha kushika, na leo ilipata nondo. Niliona uso wake na haukuwa wake, ulikuwa wa Metroni, ulikuwa wa bwana mkubwa wa hospitali mwenye kiti cha kuzunguka, ulikuwa wa wote walioandika U huku wakipiga mwayo. Nikainuka nayo. Nikaizungusha kwa nguvu zote.

Na Sista akaingia katikati.

Namshukuru Mungu kwa mikono ya ufundi. Ilisimama. Ilisimama kiasi cha shibiri moja kutoka sikioni mwake, na upepo wake ukazipeperusha nywele zake zile zilizolalia upande mmoja. Hakupepesa jicho. Kaka yake alitoa sauti kama mtoto.

"Haya," Sista akasema. "Malizia. Ulitaka nilale, siyo?"

Nondo ikaniponyoka. Ilivyoanguka sakafuni, kelele yake ilikuwa ndefu kuliko kelele zote nilizowahi kutengeneza mle ndani.

 Kaka mtu alijifuta uso kwa aproni, akabaki na damu ya ng'ombe kwenye paji. Halafu akamwambia dada yake, kwa sauti ya chini sasa, na hiyo ya chini ndiyo iliyoniua:

"Kidoti kaanguka."

Kidoti ni nesi mdogo wa wodi yao, kabinti kenye doa jeusi kidevuni, miezi sita tu kazini. Nilimjua kwa hadithi za Sista. Alikuwa anapiga miluzi akitandika vitanda.

"Kaanguka vipi?"

"Alifanya zamu ya mchana. Wewe hukutokea, Metroni akamwambia abaki. Kabaki peke yake usiku kucha, wagonjwa arobaini na mmoja. Asubuhi hii anashuka ngazi na trei ya sindano, akalala katikati ya ngazi. Taya limevunjika. Na mkono."

Sista alisimama kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha akaenda kwenye meza yangu, akachukua nyundo kubwa, ya kilo tatu, akaja nayo mpaka kwenye mlango wa chumba chake. Nikafikiri atanipiga. Sikusogea. Akapita.

Alilipiga lile komeo. Alilipiga mpaka likapinda, akalipiga mpaka likakatika upande mmoja, akaendelea kulipiga likining'inia. Alikuwa analia kwa mdomo uliofungwa. Kila pigo bati linalia, mtaa wote unasikia, wateja wawili walisimama barabarani wakachungulia wakaondoka. Mimi na kaka yake tulisimama tumeduwaa, maadui wawili tunavuja damu, hakuna aliyethubutu kumgusa. Alipochoka aliketi kwenye ile ndoo ya mfuniko, nyundo mapajani.

Simu ikalia mfukoni mwa sare yake. Alikuwa ameiwasha bila mimi kuona. Akaiweka sauti nje, nadhani kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuinua mkono.

"Uko wapi?" Sauti ya Metroni. Niliijua. Shada la maua lilikuwa na sauti hiyo.

"Niko njiani, Metroni."

"Njiani tangu jana?"

"Kidoti yukoje?"

"Yuko kitanda namba sita. Kitanda ambacho ulitakiwa kukihudumia wewe. Nakuandikia barua. Na kwa kuwa umeshapumzika vizuri, zamu zako ziko pale pale, kuanzia leo usiku."

Niliinyakua ile simu. "Wewe mama! Mke wangu ulimmaliza, sasa unataka na huyu? Unalala wapi wewe? Una godoro la aina gani?"

"Nani mwenzangu?"

"Mume wa yule uliyemletea shada!"

 Nilimsikia anavuta pumzi. "Nakukumbuka," akasema. "Alikuwa mchapakazi. Unadhani mimi nalala, baba? Nina manesi kumi na mmoja, kazi ya watu ishirini na sita. Kila nikiandika herufi pale naandika mtu." Akakata.

Sikumwamini. Mpaka leo simwamini. Mtu mwenye kalamu hawezi kuniambia analia sawa na mwenye jina lililoandikwa. Nikainua simu niibamize ukutani.

"Hiyo simu ni yangu, Fundi," Sista akasema. Alisema bila hata kunitazama. Nikaishusha, nikamrudishia.

Kaka yake alikuwa ameegemea geti. "Hilo jicho lako," akaniambia kwa shingo upande, "linavuja mpaka kwenye shati. Utaniletea kesi."

Sista akanitazama. Mara ya kwanza tangu atoke mle ndani alinitazama kama nesi, na macho ya nesi hayana hasira, yana kazi tu. "Kaa," akasema. "Kaka, nipe lile sanduku la dawa."

Nikakaa kwenye benchi, pale pale alipolala siku ya kwanza. Akanawa kwa maji ya jagi nililomwekea mimi. Akamwaga spiriti kwenye kidonda bila kuniambia. Nilipiga kelele.

"Ganzi je?" nikauliza.

"Ganzi ni ya watu wenye haki. Usitikisike."

Akaanza kushona. Sindano ikaingia. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kuliko miezi yote minne. Nilisikia harufu ya usingizi wake, niliona kimkunjo cha mto bado hakijatoka shavuni. Uchungu ulikuwa unanipasua kichwa, na mimi natamani kidonda kiwe kirefu.

"Unajua umefanya nini?" akasema, midomo haifunguki sana. "Mimi nilikukimbilia wewe kwa sababu ulikuwa mtu pekee asiyeniamrisha. Metroni ananiambia niamke saa fulani. Kaka ananiambia nimpende nani. Wifi ananiambia nifue lini. Hapa tu ndipo nilikuwa naingia kwa miguu yangu na kutoka kwa miguu yangu. Hapa tu."

"Ulisema lile neno. La gari. Yeye pia alilisema hivyo hivyo, mimi nikacheka..."

Sindano ilisimama. 

"Hukuniambia."

"Niliogopa ukijua utaogopa."

"Ungeniambia! Ungenikamata mabega ukaniambia, Sista, mke wangu alisema maneno hayo na akafa. Ningesikia. Mimi ningesikia! Badala yake ukachukua chuma." Akauvuta uzi kwa nguvu, machozi yakanitoka. "Umenipangia zamu, Fundi. Umekaa hapa nje, umeamua nani alale na nani aanguke ngazi. Wewe na Metroni ni wamoja. Tofauti, yeye anatumia kalamu."

Nimepigwa maishani. Nimepigwa na baba, na mteja mlevi, na yule kaka mtu dakika chache nyuma. Sijawahi kupigwa vile.  Kidoti alikuwa na mama mahali fulani. Yule mama angetaka kujua nani alifanya binti yake abaki peke yake na watu arobaini na mmoja, na jibu la kweli halikuwa Metroni tu.

Nikashusha macho. Ndipo nikaona.

"Mkono wako," nikasema.

"Nyamaza."

"Sista. Utazame mkono wako."

Akautazama. Ulikuwa umeshika sindano, uzi umenyooka, na ulikuwa umetulia. Haukutetemeka hata kidogo. Miezi minne nilikuwa naona vikombe vikigongana kwenye vidole vile, na sasa vimetulia kama vya sanamu. Kaka yake pia aliona. Aliinuka akasogea, akauangalia ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine, akaufunika mdomo wake.

Sista uso ukamvunjika. "Nakuchukia," akaninong'oneza, na akamaliza nyuzi mbili zilizobaki, safi, zimelingana, na akakata uzi kwa meno karibu kabisa na jicho langu. Pumzi yake ilinigusa kope. Halafu akachukua saa yake kwenye msumari, akaibana kifuani, akatoka na kaka yake. Hakugeuka.

Nilikwenda hospitali jioni ile. Nilikaa kwenye benchi la nje ya wodi mpaka mama yake Kidoti alipotoka. Nikamwambia ni mimi. Sikumtaja Metroni, ingawa ulimi uliniwasha. Alinitemea mate usoni, yakagusa plasta. Nikamwambia asante, sijui kwa nini. Kidoti, nilisikia, alikuwa amelala. Alilala siku mbili mfululizo, taya limefungwa waya, na wauguzi wenzake walikuwa wakipita kitandani kwake wakimtazama kwa wivu.

Nikarudi, nikafanya kazi moja tu. Nilikata mabaki ya lile komeo la nje, nikasugua mpaka lisibaki kovu. Nikachukua chuma kizuri, kile nilichokuwa nakiweka kwa geti la tajiri, nikatengeneza komeo jipya, laini, linaloteleza kwa kidole kimoja. Nikalichomelea kwa ndani. Dirisha nalo nilitoboa tundu dogo lenye kifuniko, mtu akitaka kujua jua liko wapi, afunue mwenyewe. Nikaweka msumari wa saa ndani. Ndoo nikaitupa.

Jumatano hakuja. Alhamisi hakuja. Ijumaa mteja alikuja kudai geti lake, akaniuliza mbona limepinda. Nikamwambia lilipata ajali ya kichwa changu.

Jumapili asubuhi, jua likiwa mezani, alisimama mlangoni.

Hakuwa na sare. Alikuwa na mkoba na karatasi. Akaiweka mezani pale pale alipoweka ile nyingine, akakunja mikono. Nilifuata jina lake kwa kidole, polepole, maana mimi msomaji wa pole. P. P. P. P. Kidole kilifika mwisho wa wiki ya pili, P bado zipo.

"Metroni kakupa?"

"Metroni hakunipa kitu. Nilikwenda kwa daktari. Nikafunga mlango, nikakaa, nikamwambia lile neno la gari. Kwa mdomo wangu mwenyewe."  "Nilidhani atanicheka. Akaweka kalamu chini akaniuliza, tangu lini? Nililia saa nzima. Kaandika barua, Metroni akabadilisha herufi. Aliibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, ona hapa. Lakini kabadilisha. Na kila Jumatano narudi kwa daktari kuongea."

"Na zamu zako nani anazichukua?"

"Kaletewa mtu kutoka wodi nyingine. Niliuliza hilo kwanza kabla sijaipokea karatasi." Akanikazia macho. "Kwanza, Fundi."

"Nimesikia."

Alitembea mpaka kwenye mlango. Akapapasa pale komeo la nje lilipokuwa, akakuta bati laini. Akausukuma, akalikuta la ndani. Akaliteleza kwa kidole. Akalirudisha. Akaliteleza tena. Nilikuwa nimeshika pumzi mpaka mbavu, ambazo bado zilikuwa na rangi ya zambarau, zikaanza kulalamika.

"Sijakusamehe," akasema akiwa amenipa mgongo.

"Najua."

"Nimekuja kulala."

"Karibu."

Akageuka. Alinitazama ule mtazamo wake mfupi, ila leo haukuwa mfupi. Ulianzia kwenye nyuzi juu ya jicho, ukashuka, ukakaa. "Ukizitoa kabla sijaziangalia nitakuchapa," akasema. Akaingia. Mlango ukafungwa, na nikasikia kile chuma kizuri kikiteleza mpaka mwisho. Tak.

Nikashusha mlango wa karakana nusu. Nikaketi sakafuni, mgongo kwenye bati. Sikugonga kitu.

Baada ya muda kivuli kikajaza ile nusu iliyobaki wazi. Kaka mtu, bila aproni, ameinama kuchungulia. Nikaweka kidole mdomoni. Akaingia akitembea kwa ncha za vidole, lile dubwana zima, akapita vyuma vyote bila kuangusha hata msumari.

"Kalala?" akanong'ona.

"Kalala."

"Kafunga nani?"

"Kafunga mwenyewe."

Aliutazama mlango. Akaitazama sakafu. Akautazama mshono wangu, akakunja uso kama mtu anayekagua nyama ya bucha jirani na kuikuta si mbaya.

"Basi sogea, shemeji," akasema. "Na mimi nikae."